Hesabu ya Mshipi

Mvuvi wa mshipi anayevulia ufukweni huanza kazi siku kadhaa kabla hajakanyaga mchanga. Mpigie simu umwambie kwamba shule zimefungwa na jamaa wote wangependa kwenda naye Likoni Jumamosi. Hatakuuliza mko wangapi. Atanyamaza kidogo, ahesabu kwa vidole, kisha aseme: "Jumamosi mwezi utakuwa wa pili. Maji yatakuwa makali. Ngojeni hadi Alhamisi." Nanyi mtangoja, kwa sababu mwenye mshipi ndiye mwenye safari.

Mjomba wangu ni mtu wa namna hiyo. Wapitao pwani wakimwona ameketi juu ya jiwe asubuhi nzima, uzi mkononi na kofia usoni, husema mzee ana subira kweli. Mimi nimekaa naye vya kutosha kuamini kwamba subira yake ina chanzo. Anangoja kwa utulivu kwa kuwa anajua anachokingoja, anajua kitakuja na maji gani, na anajua kitapita wapi. Asiye na hesabu ndiye anayechoka upesi: hutupa, huvuta, huhama jiwe, hulaumu chambo, hulaumu bahati. Hesabu hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu hapa. Imegawanyika vipande vingi vidogo, na mjomba hajapata kuandika hata kimoja.

Cha kwanza ni mwezi. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3 katika bandari ya Kilindini. Bamvua ya Mombasa ina desturi yake. Maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na alasiri, na hukauka mwendo wa saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana, na saa zake huwa zimepinduka: wakati ule ule ambapo mwamba ulikuwa mkavu, sasa maji yako juu. Anayefuata miezi ya Kiislamu, kama wafanyavyo wazee wengi wa hapa, ana kalenda ya maji kichwani. Mamlaka ya Bandari huchapisha jedwali la maji kwa ajili ya meli. Mjomba hajapata kulihitaji.

Ndiyo maana aliikataa Jumamosi. Kwa safari ya watoto yeye hupenda siku za mwezi saba, nane au tisa. Siku hizo maji huanza kuingia kabla ya alfajiri na huendelea kupanda hadi saa nne au saa tano za asubuhi, polepole, bila mkondo wa kumburura mtoto wala kuipeleka chubwi mbali na mahali ilipotupwa. Mkifika na jua la kwanza, mna saa kadhaa za maji yanayoingia, na maji yanayoingia ndiyo yanayoleta samaki ufukweni. Jua linapokuwa kali, maji yamesimama, samaki wamepoa, na nyote mna njaa.

Juu ya mwezi huja upepo. Kusi ikivuma kwa nguvu, katikati ya mwaka, pwani ya Likoni inayoitazama bahari kuu haina raha kwa mshipi: mawimbi huvuruga mchanga, na majani yaliyong'oka huning'inia kwenye uzi hadi usijue kama unavuta samaki au takataka. Kaskazi nayo hutia joto na mwanga mkali. Kati ya pepo hizo mbili kuna demani, kusi inapokata roho, kuanzia mwisho wa Agosti hadi Novemba hivi. Upepo hupungua, mawimbi hushuka, maji huanza kung'aa. Siku ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, huangukia ndani ya demani, na ndiyo maana jamaa yetu imezoea kupanga safari karibu na sikukuu hiyo. Vuli ikishaanza kunyesha ndani ya bara, Mto Mwache humwaga maji mekundu katika ghuba ya Port Reitz na hesabu huanza upya.

Katika nchi za kaskazini ya dunia kuna watu wanaoijua hesabu hii ya misimu kwa namna yao. Pwani za Denmark na Sweden, miezi inayotangulia baridi, utawakuta wazazi na watoto wamesimama ndani ya maji hadi magotini wakimtupia ndoana trauti wa baharini, ambaye wakati huo hukaribia nchi kavu. Samoni wa Atlantiki hufanya makubwa zaidi: huzaliwa mtoni, hukulia baharini, kisha hurudi kwenye mto ule ule aliozaliwa ili kutaga mayai. Wavuvi wa huko hupanga mwaka mzima kwa ajili ya majuma machache. Changu wetu hana safari ndefu kiasi hicho, lakini husafiri kila siku. Maji yakiingia, huacha kilindi na kupanda juu ya uwanda wa mwamba na majani uliokuwa mkavu, kutafuta kaa, kome na minyoo. Maji yakitoka, hurudi. Mvuvi wa Likoni, kwa hiyo, ana msimu mara mbili kwa siku, na kosa la kuukosa ni lake mwenyewe.

Usiku wa kuamkia safari, mjomba hushughulika na uzi. Mkoba wake una vitu vichache: mishipi mitatu minne iliyozungushiwa vibao, ndoana katika kopo la dawa, chubwi, kisu, koleo, na kitambaa. Nailoni ilibuniwa Marekani mwaka 1935, na ilipoenea pwani hii iliusukuma kando uzi wa pamba, kwa kuwa haiozi kwa chumvi na haionekani kwa urahisi majini. Ina ubaya mmoja: ikikaa kibaoni muda mrefu hushika mikunjo, na uzi wenye mikunjo hauleti habari za chini mpaka kidoleni. Basi mjomba huufunga kwenye mwembe wa uani, akarudi nyuma akiufungua hadi mwisho wa ua, kisha akauvuta kwa uzito wa mwili wake na kuushikilia hivyo kwa muda. Ukinyooka, huupitisha wote katikati ya kidole gumba na kidole cha shahada, pole pole, macho akiyafumba. Akikuta mahali palipokwaruzwa na jiwe, hata kama wewe hupaoni kwa taa, hupakata na kuunga.

Fundo hulilowesha kwa mate kabla ya kulikaza. Watoto hucheka, lakini sababu ipo: uzi mkavu ukisuguana wenyewe kwa wenyewe hupata joto na kudhoofika pale pale panapotegemewa. Mwaka jana binti yangu alipewa kamba ya kiatu na kulabu ya pazia akalifanyia mazoezi fundo hilo hadi akaweza kulifunga bila kuangalia. Mjomba alilivuta, akaligeuza, akalivuta tena. "Hili halifunguki," alisema, na sifa kubwa kuliko hiyo sijamsikia akimpa mtu.

Mpangilio wenyewe ni rahisi kuuona na mgumu kuupatia vipimo. Chubwi hukaa mwisho kabisa, na juu yake ndoana mbili kwenye vigwe vifupi, ili chambo kielee kidogo juu ya mchanga kaa wasikimalize. Chubwi ikiwa nyepesi, mkondo huipeleka. Ikiwa nzito mno, hulala kama nanga na huwezi kusikia samaki anayeonja. Kwenye mwamba, mjomba huifunga kwa uzi dhaifu kuliko mshipi. Ikikwama katikati ya mawe, uzi huo mdogo ndio utakaokatika, na mshipi, ndoana na pengine samaki vitarudi salama. Kwa kuwa anajua atapoteza chubwi kadhaa, hatumii risasi ya kununua: hutumia plagi mbovu za magari anazookota kwa fundi wa jirani, na nati zilizoliwa na kutu. Ndoana huchagua kwa mdomo wa samaki anayemtaka, wala si kwa ukubwa wa tamaa yake. Wageni wengi huja na ndoana kubwa za kumnasa papa, wakati samaki wanaopita mbele yao wana midomo ya kuingia mbegu ya mbaazi.

Chambo nacho kina mpango wake. Changu hapendi kitu kuliko kipande cha ngisi au pweza, au kaa mdogo aliyevunjwa gamba. Chaa, yule mweupe wa mchangani ambaye mdomo wake hurefuka kama bomba akiokota chakula, hutaka kamba mbichi aliyemenywa, kipande kidogo sana. Tafi hula majani, ndiyo maana watu wa malema humtegea kwa mwani. Kwa ndoana hupatikana kwa nadra. Kolekole na mzia huwinda, hivyo hutaka kitu kinachokwenda: dagaa mzima, au ukanda mrefu wa ngozi ya samaki unaopeperuka majini. Ngisi wa safari ninayoisimulia hapa tuliletewa na jirani ya mjomba, mzamiaji wa pweza huko Timbwani, aliyegonga mlango usiku akiwa na mfuko unaovuja na kukataa hela. Mjomba alimkata vipande vyembamba, virefu kuliko upana wake, akavinyunyizia chumvi ili viwe vigumu na visichomoke ndoanani kwa kudonolewa. Kila kipande alikichoma mara mbili na kuacha mkia. Alipomaliza, ncha ya ndoana ilikuwa wazi kidogo tu, kiasi cha ukucha wa mtoto mchanga.

Tulivuka kwa feri ya mapema. Wapitao kwa miguu hawalipi kwenye kivuko cha Likoni, na saa hiyo feri inayotoka kisiwani huwa na nafasi, kwa sababu umati wa kazi unatoka upande wa pili. Mjomba alikuwa anatungoja juu ya mteremko, mkoba begani. Watoto walimpa mkono mmoja mmoja. "Shikamoo, babu." "Marahaba, wanangu. Maji ya kunywa mumechukua? Na chupa ya maji moto?" Tulikuwa tumechukua chupa mbili, moja ya chai na moja ya maji matupu ya moto, kwa agizo lake. Ya pili nilikuja kuielewa baadaye.

Bara la Mombasa lina pwani tatu, na kila moja ina mvuvi wake. Likoni ina nyuso mbili. Upande wa ndani, kutoka Ras Bofu kuelekea Mtongwe, maji ni ya kina karibu na ukingo, meli hupita, na mkondo wa bandari una nguvu. Kuanzia Januari 2021 watu waliweza kwa muda kuvuka hapo kwa miguu juu ya daraja la kuelea lililotoka Liwatoni, na walikuwapo waliobeba mishipi yao wakivuka. Hapo huvuliwa kwa chubwi nzito na uzi mnene, na anayevizia kolekole huamka mapema, kwa maana kolekole hupita alfajiri na magharibi. Mahali palipo karibu na kambi ya Jeshi la Wanamaji hapatupwi mshipi, na kila mvuvi anapajua. Upande wa nje, kuanzia ufukwe wa Shelly kwenda Timbwani, ni uwanda wa mwamba wenye vidimbwi vya mchanga na majani, uliolindwa na tumbawe mbele. Hapo ndipo pa changu, na hapo ndipo pa watoto.

Kisauni ni shule nyingine. Kutoka Nyali hadi Bamburi kuna maji ya utulivu nyuma ya mwamba, na ndani yake, tangu mwaka 1986, kuna Hifadhi ya Bahari ya Mombasa. Katika kilomita za mraba 10 za hifadhi yenyewe hairuhusiwi kuvua kitu. Katika eneo la akiba linaloizunguka, kama kilomita za mraba 200, uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Mvuvi mzuri wa Kisauni anaujua mpaka huo hadi jiwe lake, na anaujua kwa faida yake. Mwaka 2000 watafiti Tim McClanahan na Stephen Mangi walichapisha kazi yao iliyoonyesha kwamba samaki wa hifadhi hii huvuka mpaka na kuongeza mavuno ya walio jirani. Wazee wenye malema walikuwa wamekwisha kupanga mitego yao ukingoni. Nyuma ya hapo, upande wa Kongowea, maji ya hori ya Tudor hubanwa chini ya Daraja la Nyali, na anayevulia huko anajifunza kuwahi ile nusu saa ambayo maji yamesimama kabla ya kugeuka.

Changamwe haina wimbi. Kutoka Port Reitz, na kwa upande wa pili Mikindani hadi Mkupe kule Jomvu, pwani ni tope na mikoko, na maji yake yana rangi ya chai ya maziwa. Mtu aliyezoea kuona chini huko Shelly hujiona kipofu. Lakini katikati ya mizizi hukua samaki wengi wadogo ambao baadaye huhamia mwambani, na chaa na mkizi hupanda na maji hadi kwenye majani. Uvuvi wa hapa ni wa uzi mwembamba, chubwi ndogo, kamba mbichi, na masikio: mkizi akiruka, mzee hugeuka kuelekea sauti ndipo atupe. Bandari imeila sehemu ya ghuba ya Port Reitz. Kituo cha pili cha makontena kilifunguliwa mwaka 2016 juu ya ardhi iliyofukiwa, na njia ya meli ilichimbwa zaidi. Chini pakibadilika, alama za baba hazimfai tena mwana, na hesabu inabidi ifanywe upya na watu wale wale.

Siku ile tulikuwa Shelly, na mjomba hakutupa mshipi mara moja. Alikuwa amekuja hapo jana yake, maji yakiwa yametoka, akatembea juu ya mwamba mkavu kama mtu anayekagua shamba. Alikuwa ameona mfereji wa mchanga unaokata katikati ya majani, mashimo ya kaa kando yake, na jiwe lenye umbo la kiti ambapo mfereji unapinda. Sasa vyote vilikuwa chini ya maji, ila yeye aliviona. Alitukalisha mkabala na mfereji ule, akaupanga mshipi mchangani kwa pete pana, pete juu ya pete, juu ya kitambaa ili usishike chembe, akazungusha chubwi mara mbili kichwani na kuiachia. Uzi uliondoka bila kugusana. Chubwi ikaanguka karibu mno, kwa macho ya watoto.

"Babu, mbona hutupi mbali?" mpwa wangu akauliza.

"Mbali kwenda wapi? Samaki yuwaja hapa."

Mtoto aliyatazama maji yale yasiyofika kiunoni asiamini. Jambo lenyewe ni hili: wakati maji yanaingia, changu hufuata ukingo unaofunikwa wakati huo huo, mahali kaa wanapotoka mashimoni. Anayetupa mbali humrukia samaki kichwani na kwenda kuvua mahali alipokwisha kupaacha. Kadiri maji yalivyopanda, mjomba naye alirudi nyuma, hatua mbili tatu, na mshipi wake ukarudi pamoja naye.

Kisha ikabaki kazi ya kidole. Mshipi hupita juu ya kidole cha shahada, umekazwa kiasi cha kuisikia chubwi chini, na mkono hautulii kabisa. Kila baada ya muda huuvuta kidogo, chambo kijongee, kisha huulegeza. Mzee alimwekea kila mtoto uzi kidoleni na kumfunga kipande cha mpira wa tairi la ndani, kwa sababu nailoni yenye maji ikikimbia hukata ngozi. Halafu akawafundisha kusoma. Kaa hukwaruza, na haachi. Chaa hudona haraka haraka, tik-tik-tik, kwa wepesi mno. Bunju huuma mara moja kwa meno yake, na unapovuta unakuta kigwe kimekatwa safi. Akipanda, hutupwa, kwa kuwa ana sumu inayoua. Changu hugonga mara mbili, hunyamaza, kisha huondoka na chambo kwa uzito. Kugonga kwa kwanza na kwa pili si kwako.

"Sasa! Sasa!" mpwa wangu alipiga kelele uzi ulipotikisika.

"Tulia. Aonja huyo. Muache aonje." Mjomba alikuwa ameweka kidole chake juu ya uzi wa mtoto, kwa wepesi wa kutouzuia. "Bado. Bado. Haya."

Kiganja kimoja kiligeuka, si mkono mzima, na uzi ukasimama wima kwenye maji. Hapo tena kuna elimu: kuvuta bila kulegeza hata kidogo, kumwacha akimbie akiwa na nguvu na kumrudisha anapogeuka, na kumngojea wimbi la mwisho limbebe hadi mchangani badala ya kumnyanyua kwa uzi mtupu. Changu alitua kwenye mchanga, ubavu wake ukiwa na rangi ambazo hazidumu hadi sokoni. Mtoto alitaka kumrukia. Mjomba alimzuia kwa goti, akalowesha viganja, akamshika nyuma ya kichwa ili miba ya mgongoni ilale.

Baadaye kidogo ndipo chupa ya maji moto ikapata maana. Ndoana ya dada yangu ilimleta ngogo, yule mweusi mwenye milia na masharubu, na mjomba akatoka mbio juu ya jiwe lake, jambo ambalo halifanyi kwa samaki yeyote mwingine. Miba mitatu ya ngogo ina sumu yenye maumivu yasiyosahaulika, na huduma ya kwanza ni kukitia kiungo kilichochomwa katika maji ya moto kadiri mtu anavyoweza kuvumilia, kwa kuwa joto huivunja nguvu sumu hiyo. Alimshika kwa koleo, akakata kigwe, akamwachia majini. Hakuna aliyechomwa. Maji ya moto yaliishia kuoshea vikombe.

Si samaki wote waliotoka walioingia kapuni. Kila changu alipimwa kwa shubiri ya mjomba, na asiyeifikia alirudishwa, mkono ukiwa umeloweshwa ili ule ute wa ngozi usitoke. Watoto waliona uchungu, na dada yangu pia, lakini sababu ni nzuri kuliko inavyodhaniwa. Wengi wa jamii ya changu huanza maisha wakiwa majike, na baadhi hugeuka madume wakishakua. Ukiwamaliza wadogo huna wa kutaga. Ukiwamaliza wakubwa umeondoa madume. Kenya ilipiga marufuku majuya ya ufukweni na bunduki za kuchomea samaki mwaka 2001, kwa kuwa juya halina shubiri: hukokota mzazi na kitoto pamoja, na kung'oa majani wanamolala. Tangu mwaka 2007 kanuni zimewapa wavuvi wa kila bandari ndogo nafasi ya kusimamia fukwe zao kupitia vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU), na vikundi hivyo vina kazi kubwa, maana marufuku ni jambo moja na njaa ni jingine. Mshipi hauhitaji marufuku ya aina hiyo. Humleta samaki mmoja, akiwa hai, mbele ya mtu mwenye nafasi ya kuamua.

Sidai kwamba uvuvi huu unalisha mji. Samaki wengi wanaouzwa Mombasa hutoka kwenye nyavu na mashua, na mzee mwenye kibao cha uzi hawezi kushindana nao kwa uzito. Lakini ukitaka kumkuta mtu anayeijua pwani kwa hatua zake, anayeweza kukueleza kwa nini mfereji fulani una samaki mwezi nane na hauna mwezi kumi na tano, mtafute yeye. Ujuzi wake hauwezi kufundishwa darasani, kwa sababu nusu yake imo kidoleni, na kidole hufundishwa kwa kuwekewa kidole kingine juu yake. Ndiyo maana safari ya jamaa inafaa. Vijana siku hizi huja na fimbo za kiwandani zenye rili, na mjomba hazichukii. Huzishika, huzipima, husema ni nzuri. Kisha humuuliza mwenye nayo mwezi ni wa ngapi, na jibu humwonyesha amekutana na mvuvi au na mnunuzi.

Saa nne na nusu maji yalisimama. Mjomba alikuwa wa kwanza kuzungusha mshipi wake, ingawa watoto walitaka kuendelea. Tulikula mahamri na mbaazi zilizopoa, kisha samaki wakatandazwa juu ya jani la mgomba kwa mgawo: changu kadhaa, chaa wa kutosha sufuria, na kolekole mmoja mdogo aliyejileta kwenye ndoana ya binti yangu. Mama yangu aliwatazama changu akatangaza kwamba wawili ni wa kupaka. Mjomba aligawa bila kuulizwa na mtu. Fungu la nyumba ya dada yake, fungu la nyumba yangu, fungu la dada yangu, fungu lake mwenyewe, ambalo halikuwa kubwa. Halafu akamtenga changu mkubwa kuliko wote, yule wa mpwa wangu, akamfunga peke yake.

"Huyu ni wa nani?" mtoto akauliza, akijua kwamba si wake.

"Wa jirani. Utampelekea wewe."

"Lakini yeye hakuja!"

"Chambo chake kilikuja," mjomba alisema, akamkabidhi fungu lile na kumwonyesha njia ya kwenda Timbwani.